Kocha wa jimu anamfunga bibi nailoni tumboni na kumkataza maji: niseme au ninyamaze?

MwanaMajora

Assalam aleikum, na wengine wote hamjambo. Mie humu ni msomaji tu, husoma mkizozana nikacheka peke yangu dukani mpaka wateja wakanitazama. Leo nimekuja na langu. Lina wiki tatu kifuani.

Nina miaka 44, nauza vitambaa mtaa wa Biashara, Mombasa. Mwaka 2018 niliinua jora la kitambaa cha madera, nimeinama na kujipinda kwa pamoja kwa sababu mteja alikuwa na haraka, nikasikia kama uzi umekatika kiunoni. Maumivu yalishuka mguu wa kushoto mpaka kidole gumba. Miezi sita hiyo. Aliyeniinua ni fizio mmoja, mtaalamu wa tiba ya viungo, aliyenipa mti wa ufagio, akaniambia niulaze mgongoni uguse kisogo, uguse kati ya mabega, uguse kitokono, halafu niiname kwa nyonga bila ya mti kubanduka popote. Siku ya kwanza ulibanduka kila mara. Siku hizi hata shilingi ikianguka naiokota hivyo, na wanangu husema mama yuarukuu.

Nimeyatanguliza hayo mjue kuwa mie si daktari wala kocha. Kidogo ninachokijua nilikilipia kwa mgongo wangu.

Tangu Novemba naenda jimu moja, jina silitaji. Iko ghorofani, ina saa za wanawake, saa tatu asubuhi mpaka saa tano. Ada 3,000 kwa mwezi, na ukitaka kocha akusimamie wewe peke yako unaongeza 500 kila siku unayokuja. AC ipo ukutani lakini haiwashwi, mwenyewe asema stima itammaliza. Madirisha yamefungwa na kubandikwa karatasi kwa ajili ya sitara yetu. Sasa fikirieni kaskazi hii ya Februari, wanawake kumi na watano, feni mbili. Mle ndani ni tanuri la mkate wa mofa.

Kuna bibi mmoja pale, nitamwita Bi Mkubwa. Ana miaka 67, ana presha, na ndiye roho ya saa zetu. Ijumaa hutuletea kashata, tuzile baada ya kuzihangaikia kalori wiki nzima. Daktari wake alimwambia atembee. Wanawe wakaona kutembea barabarani na tuktuk zilivyo ni kutafuta balaa, wakamlipia jimu na kocha.

Kocha ni msichana wa miaka 26. Mcheshi, ana subira, hapazi sauti. Lakini anayoyafanya na Bi Mkubwa yananitisha. Kwanza humzungushia nailoni ile ya jikoni ya kufunikia chakula, tumbo zima, raundi sita au saba, halafu juu yake mshipi wa mpira. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2017 lakini hii nailoni imesalimika, na imepata kazi mpya. Pili, maji hayanywewi mpaka mwisho, kwa kuwa eti ukinywa unauzima moto wa mafuta. Tatu, kwenye ile mashine ya kusukuma kwa miguu humwambia, "Bana pumzi bibi, bana, sukuma!" Bi Mkubwa hubana. Mishipa ya shingo humtoka kama kamba za tanga. Halafu dedilifti, ule unyanyuaji wa chuma kutoka sakafuni, mgongo umepinda upinde kabisa, na mie nikiutazama mgongo ule nausikia wangu.

Alhamisi iliyopita aliinuka kwenye mkeka akashikwa na kisunzi, akadaka nguzo ya vyuma. Tukamkalisha. Kocha akasema, "Hayo ndiyo mafuta yanatoka, bibi." Na mwenyewe Bi Mkubwa akacheka, akasema ni njaa tu.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili, na chupa ya maji mkononi. Sikusema neno.

Kwa nini? Mama yake kocha ni jirani yangu Kibokoni. Ndiye aliyenikanda na kunifunga mkaja, kile kitambaa cha tumbo cha baada ya kuzaa, arobaini zangu zote mbili. Msichana mwenyewe alikuwa na kazi hoteli moja ya pwani ya kaskazini, corona ilipofunga hoteli 2020 akarudishwa nyumbani, akakaa mwaka na nusu. Hii kazi ndiyo inayomsomesha mdogo wake. Na mwenye jimu ana hasira za karibu. Kocha aliyetangulia alifukuzwa kwa ujumbe wa simu, usiku.

Basi niambieni. Nimseme msichana? Nimwendee mwenye jimu? Nimnong'oneze Bi Mkubwa? Au nimeze mate, kwani mie nani?

Msafiri_Likoni

Lipa, fanya mazoezi yako, nenda nyumbani. Jimu kila mtu ni daktari. Mie niliwahi kumwambia kinyozi kuwa mashine yake ina kutu, na bado nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake. Sitaki kuhadithia kichwa kilivyotoka.

BintiTanga

Dada, kwa mwenye jimu usiende. Hapo utakuwa umemtilia mwenzio mchanga kwenye kitumbua na kesho mama yake atakuamkia kwa upande wa uso. Lakini kunyamaza nako, sikuungi mkono. Huyo bibi akianguka, wewe utakwenda mazikoni, utakaa kwenye jamvi na wanawe, watasema "alikuwa mzima, alikuwa jimu asubuhi," na wewe utainamisha kichwa. Hitima utaila vipi? Mwite msichana pembeni. Pembeni, si mbele ya wale kumi na watano.

Kilo_Mbili

Mnamwonea kocha bure. Nailoni inafanya kazi. Mimi nilijifunga siku moja tu, nikapima kabla na baada, kilo mbili zimekwenda.

FizioPwani

@Kilo_Mbili lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ulipofika nyumbani ulikunywa nini, na ulijipima tena?

Kilo_Mbili

Madafu. Sikujipima.

FizioPwani

Basi.

@MwanaMajora, dada yangu, mimi ni fizio hapa hapa Mombasa, mwaka wa 12 huu, na swali lako nitalijibu kwa urefu kidogo kwa sababu katika mambo manne uliyotaja matatu ni ya hatari na moja nadhani unalitia chumvi.

Nianze na pumzi, maana watu hulichukulia dogo. Ukibana pumzi ukasukuma mzigo mzito, kifua kinajaa shinikizo, misuli ya mapaja nayo inaikamua mishipa ya damu, na moyo unalazimika kusukuma dhidi ya yote hayo. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada waliwapima wanyanyua vyuma watano wakiwa kwenye zoezi kama hilo hilo la kusukuma kwa miguu miwili, kipimo kikiwa ndani ya mshipa wa mkono, si ule mkanda wa kupuliza. Wastani wa presha ulipanda hadi 320 kwa 250. Mmoja alipita 480 kwa 350. Hao walikuwa vijana, wenye mishipa mizima, waliozoea chuma. Presha hiyo hushuka mara tu unapotua mzigo, kwa hivyo kijana haoni kitu. Bibi wa miaka 67 mwenye presha tayari, mishipa yake si ya kuchezewa hivyo hata kwa sekunde kumi.

Dawa ya hili ni ndogo mno. Mzigo upunguzwe, na ahesabu kwa sauti wakati anasukuma. Anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi. Hakuna mashine wala kozi inayohitajika hapo.

Maji na nailoni niviunge pamoja kwa sababu vinaua pamoja. Jasho kazi yake ni kukauka juu ya ngozi, na linapokauka linachukua joto. Ukilifungia chini ya nailoni halikauki, kwa hivyo mwili unazidi kutoa jasho na haupoi. Kwa hali ya hewa yetu hii, ambapo hata nguo kwenye kamba zinasuasua kukauka, umeshaanza na hasara kabla ya hiyo nailoni. Marekani mwaka 1997, Novemba na Desemba, wanamieleka watatu wa vyuo walikufa katika muda wa wiki chache wakijikausha kupunguza uzito, wakifanya mazoezi katika joto wakiwa wamevaa mavazi yasiyopitisha jasho. Vijana wa mieleka hao, si mabibi. Baada ya hapo mavazi hayo yakapigwa marufuku katika mashindano ya vyuo.

Sasa kuna jambo hukulitaja, na ningelipenda uliulize kwa adabu: Bi Mkubwa anakunywa dawa gani? Watu wengi wenye presha wamepewa na ile ya kuwakojoza. Dawa inamtoa maji asubuhi, nailoni inamtoa maji saa tatu, na kocha anamkataza kuyarudisha. Kile kisunzi cha kuinuka mkekani kwangu mimi hakina siri tena. Si njaa, wala si mafuta. Mafuta hayatoki kwa kisunzi.

Hilo la tumbo pia: hata akijikunja mara mia mbili, mafuta ya tumbo hayachomeki kwa sababu msuli ulio chini yake umefanya kazi. Mwili hutoa mafuta kutoka sehemu unayotaka wenyewe.

Sasa lile unalolitia chumvi. Mgongo. Najua ulivyoumia, na huyo aliyekufundisha kwa mti wa ufagio alifanya kazi nzuri. Lakini mgongo si bilauri. Watu wanainama wakiwa wamepinda kila siku, wakifua, wakipalia, wakivua samaki, na hawavunjiki. Kinachoumiza mara nyingi ni mzigo ulioruka ghafla kuliko mwili ulivyouzoea, kama wewe na jora lako la haraka haraka. Kwa hiyo ukienda kwa msichana ukaanza na mgongo uliopinda, mtabishana nusu saa, na huenda akawa na nusu ya haki. Muulize bibi anainua kilo ngapi na wiki iliyopita alikuwa ngapi. Anza na pumzi na maji.

Na msimwachishe bibi mazoezi, nawaomba. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2020 linataka hata watu wa miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya misuli, na ya kujisawazisha wasianguke, siku tatu au zaidi. Bibi yuko mahali panapofaa. Kinachomharibia ni namna.

Mimi kwangu hapimwi mtu wa presha baada ya zoezi bali kabla. Nikikuta 180 kwa 110 au zaidi, siku hiyo tunapiga gumzo na anakwenda kumwona daktari wake.

Mwisho, la cheti. Sisi mafizio tuna sheria yetu ya 2014 na baraza la kutusajili, nikikuharibu una mahali pa kunishtaki. Muulize kocha kwa upole alisomea wapi. Kwa upole, nimesema. Wapo makocha wazuri sana ambao hakuna aliyewahi kuwapa nafasi ya kusoma.

Chuma_Majengo

Mimi ni kocha, miaka tisa. Nimesoma jina la uzi huu nikasema leo tunatukanwa. Lakini acha nitoe langu.

Mwaka wangu wa pili alikuja kijana wa miaka 19, mwembamba, ana hamu. Siku ya kwanza nikampa skwati mia mbili, kuchuchumaa na kuinuka. Nilitaka aondoke akijua amekutana na mwanamume. Kesho yake hakuweza kushuka ngazi, nikacheka, nikamwandikia "karibu jimu". Siku ya tatu mkojo ukawa rangi ya kahawa. Msuli ukipondwa kupita kiasi unavunjika, na kile kinachovunjika kinaenda kuziba figo. Mimi hilo sikulijua. Alilazwa siku nne akitiwa maji kwa mshipa.

Mama yake alikuja. Nikajiandaa kwa kelele, hata nilishatafuta maneno. Hakupiga kelele. Alikuwa na karatasi ya maabara kwenye bahasha ya kaki, akanipa, akasema, "Mwalimu, hebu nisomee hii."

Sikuweza kuisoma. Nilisimama pale na karatasi, wateja wananitazama, na nilijua kuwa mimi ni mtu wa kuhesabu moja mpaka kumi na kupiga makofi. Ndipo nikaanza kusoma.

Kwa hivyo sis, mwendee msichana. Usimwendee na "umekosea". Mwendee na kitu asichoweza kukisoma. Na umfuate nje, mwenye jimu asione, kwa sababu wengine wetu tunalipwa kwa kila kichwa, na kichwa kimoja kikiondoka ni unga wa wiki.

Msafiri_Likoni

Mie nabadilisha jibu langu. Lakini la kinyozi liko pale pale.

MwanaMajora

Nimewasoma wote, @FizioPwani nimekusoma mara tatu. Lile la mgongo limenichoma kidogo lakini nimelimeza.

Kabla sijafanya lolote lazima niseme kitu nilichokificha kule juu. Nailoni mie nimeifunga pia. Desemba, siku nne kabla ya harusi ya mpwa wangu, kwa sababu nguo nilijishonea mwenyewe kwa kipimo cha matumaini. Nilimwomba kocha mwenyewe kwa mdomo wangu, anifunge. Zipu ilipanda. Nilipokaa kula biriani ilishuka.

Na nadhani najua kwa nini Bi Mkubwa haoni ubaya. Sisi tumefungwa mkaja. Mwanamke wa hapa ukimwambia tumbo hurudi kwa kufungwa, humwambii jipya, yeye hilo alilipata kwa nyanya yake. Siku moja alisema hivyo hivyo akizungushwa: "Huu si mkaja wa kizungu huu!" Tukacheka sote. Nami nilicheka.

Nitamkabili Jumamosi, inshallah.

BintiTanga

Tunasubiri. Usirudi na udhuru wa mvua, Mombasa Februari hakuna mvua.

MwanaMajora

Nimerudi. Siku tisa zimepita, mniwie radhi.

Jumamosi tulitoka pamoja, kwa kuwa njia yetu ni moja. Nikamwambia tupitie Mama Ngina, pale kando ya bahari, tukale mihogo. Tukakaa ukutani tukitazama meli ikiingia Kilindini, mihogo kwenye gazeti, ndimu na pilipili zimetapakaa mpaka vidoleni. Nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga tangu nyumbani, yote yakapotea. Nikamwambia tu, "Mwanangu, Bi Mkubwa anakunywa dawa gani?"

Akanyamaza. Kisha akasema hajui.

"Hujui au hukuuliza?"

"Sikuuliza."

Hapo nikamweleza la pumzi na la dawa ya kukojoza, na zile namba 320 kwa 250. Sikuzikumbuka vizuri, ikabidi nitoe simu nimsomee. Alisikiliza akiwa amekazia macho muhogo wake. Nikadhani atalia. Hakulia, alikasirika, na alivyokasirika sivyo nilivyotarajia.

"Mama, umekuja tangu Novemba. Umeniona. Umenitazama miezi mitatu namfunga yule bibi, na leo ndiyo waniambia?"

Sikuwa na jibu. Bado sina.

Baadaye alipopoa akaniambia mambo ambayo nitayaweka hapa kwa sababu yamenigeuza. Kozi yake ilikuwa wiki mbili, kwa simu, na mengi aliyapata kwenye video. Maji mwanzo alikuwa akiwaruhusu. Nailoni hakuileta yeye, wateja ndio walioileta. Mwezi wake wa kwanza aliwafanyisha mazoezi mepesi, ya taratibu, kama alivyofundishwa, na wanawake watatu wakamlalamikia kwa mwenye jimu kuwa hawatoki jasho, pesa zao zinaliwa. Mwenyewe akamwita: "Wataka kazi au hutaki?" Tangu siku hiyo kila anayetoka pale lazima awe chapachapa. "Mtu akitoka jasho anarudi," akasema. "Akitoka mkavu hamuoni tena." Nikakumbuka Desemba yangu. Pesa zangu zilikuwa zinanunua nini, kama si jasho?

Nikamwuliza kama nizungumze na mwenye jimu, kwa niaba yake. Akaruka. Nikaacha.

Jumanne alikuja na kipimo cha presha cha mama yake, kile cha mkono. Akamwambia Bi Mkubwa kuwa kuanzia leo kila mtu wa presha anapimwa kabla. Hakusema nani kamwambia. Tukamkalisha dakika tano, mkono mezani. Ikasoma 172 kwa 98. Kocha akanitazama, nami nikatazama feni. Siku hiyo Bi Mkubwa alitembea tu kwenye mashine polepole na kufanya zoezi la kukaa na kuinuka kwenye kiti, na chupa yake ya maji kando. Dawa zake alizileta Alhamisi ndani ya mfuko wa kanga, mbili, na moja ni hiyo ya kumkojoza kama @FizioPwani ulivyobashiri. Ameandikiwa kumwona daktari wake wiki ijayo, mwanawe atampeleka.

Msidhani alishukuru. Alipoona hafungwi nailoni alihamaki, akasema sisi wadogo tumemwonea choyo, tumbo lilikuwa limeanza kuingia. Siku mbili hakuzungumza na mie, na Ijumaa kashata ilinipita ikaenda kwa jirani. Mwanamke mwengine ameshahamia jimu ya pili, kwa sababu hiyo hiyo, hapana jasho. Mwenye jimu amemwuliza kocha kulikoni. Madirisha bado yamefungwa na AC bado haijawashwa, hilo nalo lina siku yake. Wanawake saba tumekubaliana kuliuliza kwa pamoja, maana saba si rahisi kutufukuza kwa ujumbe wa simu.

Na @Chuma_Majengo, kocha amesoma uzi huu. Niliuonyesha kwake mwenyewe, sikutaka aupate kwa mtu. Ameniomba nikuulize ulianzia kusoma wapi.

Chuma_Majengo

Aniandikie faraghani. Vitabu ninavyo, vingine vimetoka jalada, lakini vinasomeka. Na nitamfundisha kupima mapigo ya moyo bila mashine.

FizioPwani

172 kwa 98 na anafanyishwa dedilifti ndani ya nailoni. Nimekaa chini. Daktari asingoje wiki ijayo kama inawezekana, dada.

MwanaMajora

Amekwenda jana, mwanawe aliposikia namba hakungoja. Dozi imebadilishwa, na daktari amesema mazoezi yaendelee, mepesi.

Leo asubuhi amerudi kwenye mashine ya miguu, mzigo nusu ya ule wa zamani. Kocha amemwambia ahesabu kwa sauti. Bi Mkubwa hajui kuhesabu kwa sauti ndogo, jimu nzima tulisimama kumsikiliza. Alifika saba, akakumbuka kuwa mjukuu wake amepata mchumba Lamu, akatuhadithia mahari, akatuhadithia ukoo, miguu ikiwa juu ya mashine. Alipomaliza akamwuliza kocha, "Nilikuwa wapi?" Kocha akamwambia moja.